Salini tupu au salini yenye heparini? Kuchagua maji ya kuflashia laini ya ateri ICU

Kwa mtu mzima aliyelazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), mwenye laini ya ateri, yaani katheta au mrija mwembamba uliochomekwa ndani ya ateri, kwenye kifundo cha mkono na anayetarajiwa kukaa nayo siku mbili tatu, tundika salini (maji ya chumvi) ya 0.9% bila kuongeza chochote. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ina nafasi yake, na kwa watoto wachanga nafasi hiyo ni kubwa, lakini isichanganywe kwa sababu tu ndivyo wodi ilivyozoea. Glukosi isikaribie laini ya ateri kabisa. Hapa chini kuna sababu na hesabu zake, pamoja na habari za mfuko na presha, ambazo ndizo mara nyingi huziba laini huku lawama ikipewa maji.

Maji yanafanya kazi gani

Katheta ya ateri ya mtu mzima, mara nyingi geji 20 (namba ya unene wake), huungwa kwa mpira mgumu na transdyusa, kifaa kinachogeuza mapigo ya mshipa kuwa wimbi kwenye monita. Upande wa pili transdyusa imeungwa na maji yaliyobanwa na mfuko wa presha uliojazwa hadi mmHg 300. Ndani ya transdyusa mna tundu jembamba sana linalopitisha karibu ml 3 kwa saa kuelekea kwa mgonjwa. Presha ya mgonjwa ikiwa 120 na mfuko ukiwa 300, maji yanaishinda damu na ncha ya katheta inabaki imeoshwa. Mfuko ukilegea hadi 150, msukumo unakuwa mdogo mno, na damu huanza kuingia kwenye mpira kidogo kidogo kila moyo unapopiga. Damu iliyosimama huganda.

Kinga ya kwanza basi ni mwendo wa maji. Heparini ni kinga ya pili juu ya hiyo, na haiwezi kufidia mfuko uliolegea. Ukikuta kitengo ambacho laini zinaziba ovyo, tazama geji (vipimo vya kusomea presha) za mifuko ya presha zote saa kumi alfajiri kabla hujaagiza katoni ya heparini.

Hesabu ndogo ya kukaa nayo kichwani: ml 3 kwa saa ni ml 72 kwa siku. Maji ya ml 500 hayapaswi kuisha ndani ya siku moja. Yakiisha, kuna mahali panavuja, koki imeachwa wazi, au kuna mtu anavuta kiflashio (kivuto cha kupitisha maji kwa kasi) muda mrefu kila akichukua damu. Yakiwa hayajapungua kabisa tangu jana, presha haipo au njia imefungwa.

Kwa kutazama mara moja

| | Salini 0.9% tupu | Salini + heparini uniti 1–2 kwa ml | Glukosi 5% |
|---|---|---|---|
| Kuzuia kuganda | Nzuri, mfuko ukiwa mmHg 300 | Zaidi kidogo, hasa laini ikikaa siku nyingi | Haina faida yoyote ya ziada |
| Maandalizi | Kutundika tu | Kupima dawa, watu wawili kuhakiki, lebo | Haitumiki |
| Hatari kwa mgonjwa | Sodiamu kwa mtoto mchanga | Kosa la dozi; chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) kushuka | Sukari ya uongo, insulini, ubongo kuumia |
| Majibu yanayoharibika | Himoglobini na potasiamu huonekana chini, kloridi juu, damu ikichanganyika na maji | Hayo hayo, na aPTT (kipimo cha muda wa damu kuganda) hurefuka | Sukari |
| Anayefaa | Watu wazima wengi | Watoto wachanga; watu wazima wachache | Hakuna |

Heparini inasaidia kiasi gani

Utafiti unaotajwa zaidi ni ule wa chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi cha Marekani, AACN, uliotolewa mwaka 1993. Ulihusisha wagonjwa 5,139 katika hospitali 198. Laini zilizoflashiwa kwa maji yenye heparini zilibaki wazi zaidi kadiri siku zilivyosonga. Hilo ni kweli, na anayetetea heparini ana haki ya kulitaja.

Ila utafiti huo huo ulionyesha mambo mengine yaliyosaidia laini kubaki wazi: katheta yenye urefu wa zaidi ya inchi mbili, katheta kuwekwa kwenye paja, na mgonjwa kuwa tayari anapata dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Hilo la mwisho linagusa ICU ya leo moja kwa moja. Mtu mzima anayelala kitandani siku nyingi kwa kawaida huchomwa heparini au enoksaparini chini ya ngozi ili asipate bonge la damu mguuni. Ulinzi mwingine wa katheta anao tayari, na faida ya kuongeza uniti moja kwa ml kwenye maji inapungua.

Uchambuzi wa mwaka 2014 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ulijaribu kukusanya tafiti zilizolinganisha haya mawili na ukakuta ubora wake ni hafifu kiasi cha kutoweza kusema kwa uhakika kwamba heparini inashinda salini. Ukisoma hizi mbili pamoja, picha inayobaki ni ya faida ndogo: huenda ipo, haijathibitika vya kutosha, na inaonekana zaidi laini ikikaa muda mrefu. Inabidi ipimwe dhidi ya gharama, na gharama za heparini zinajulikana vizuri zaidi kuliko faida yake.

Gharama ya kwanza: kuipima

Vichupa vya heparini tunavyovikuta mara nyingi vina uniti 5,000 kwa ml, na kichupa kizima cha ml 5 kina uniti 25,000. Namba hizo mbili ziko kwenye lebo moja, na saa tisa usiku jicho huchukua ile isiyo yake.

Ili kupata uniti 1 kwa ml kwenye maji ya ml 500 unahitaji uniti 500, yaani ml 0.1 tu ya dawa hiyo. Kiasi hicho kwenye bomba la sindano la ml 5 hakipimiki. Hata kile kinachobaki kwenye shingo ya bomba ni kikubwa kukishinda. Fanya hivi:

1. Vuta ml 1 ya heparini (uniti 5,000) kwa bomba la ml 10, kisha vuta salini hadi ml 10. Sasa una uniti 500 kwa ml.
2. Ingiza ml 1 ya mchanganyiko huo kwenye maji ya ml 500 kwa uniti 1 kwa ml, au ml 2 kwa uniti 2 kwa ml.
3. Geuza chupa juu chini mara kadhaa. Dawa iliyobaki mdomoni mwa chupa bila kuchanganyika humfikia mgonjwa kwa mkupuo.
4. Mwaga mchanganyiko uliobaki kwenye bomba. Bomba lenye maji meupe yasiyo na lebo juu ya toroli ni ajali inayosubiri mtu.
5. Bandika lebo: heparini, jumla ya uniti, uniti kwa ml, tarehe, saa, majina ya wawili waliohakiki.

Tazama kosa linavyokua. Mtu akiweka ml 1 ya dawa ambayo haijachujuliwa, maji yanakuwa na uniti 10 kwa ml, sawa na uniti 30 kwa saa. Mtu mzima pengine hatatokwa na damu kwa hilo, lakini kipimo cha aPTT kitaanza kukudanganya. Akimwaga kichupa kizima, ni uniti 50 kwa ml: uniti 150 kwa saa, na kila kuflashi kwa ml 2 kunaongeza uniti 100. Kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kichwa hiyo ni dozi yenye madhara. Kwa mtoto mchanga ni msiba. Indianapolis, Marekani, mwaka 2006, watoto wachanga watatu walifariki baada ya vichupa vya uniti 10,000 kwa ml kuwekwa mahali pa vile vya uniti 10 kwa ml vya kuflashia. Vichupa vilifanana, na mikono iliyovichukua ilikuwa imeshazoea kabati.

Kama duka la dawa la hospitali linaweza kuleta maji yaliyochanganywa kiwandani, yenye uniti 1,000 kwa ml 500, basi sehemu kubwa ya hatari hii inaondoka. Kama hayapatikani, salini tupu inapata pointi nyingi kwa hili pekee.

Gharama ya pili: chembe sahani

Kuna wagonjwa ambao mwili wao hutengeneza kingamwili dhidi ya heparini. Chembe sahani hushuka, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu kuanza dawa, mara nyingi kwa zaidi ya nusu ya kiwango cha mwanzo. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba badala ya kutokwa na damu, mgonjwa huganda damu: mguu, mapafu, hata ateri ile ile yenye katheta. Dozi ya kuflashia ni ndogo, lakini inatosha kuuamsha na inatosha kuuendeleza. Hapo ndipo makosa hutokea. Daktari anaandika "heparini isimamishwe", sindano za tumboni zinaachwa, na maji ya laini ya ateri yanaendelea kudondosha uniti 72 kwa siku nyuma ya mfuko wa presha bila mtu kuyakumbuka.

Ukitumia heparini, pima chembe sahani kabla ya kuanza, na urudie kila baada ya siku mbili au tatu kuanzia siku ya 4 hadi ya 14. Zikishuka kwa nusu, ondoa heparini yote, pamoja na ya kuflashia, siku hiyo hiyo.

Gharama ya tatu: majibu ya maabara

Damu ya kupima kuganda ikichukuliwa kwenye laini yenye heparini, mabaki kidogo tu ndani ya koki yanarefusha aPTT. Mgonjwa anapewa plazima asiyoihitaji, au daktari anapunguza dripu ya heparini ya matibabu ambayo ilikuwa sawa. Kipimo hicho kichukuliwe kwenye mshipa wa vena kwa sindano mpya. Ikishindikana, vuta na umwage kwanza damu angalau mara sita ya ujazo uliopo kati ya ncha ya katheta na koki ya kuchukulia damu.

Kwa vipimo vingine, mara tatu ya ujazo huo ndiyo kiwango cha chini. Ujazo wenyewe upime kwenye seti yako: jaza mpira mkavu kwa bomba la ml 1 na usome imekwenda ngapi. Ukikuta ml 1, unamwaga ml 3 kila mara. Damu ikichukuliwa mara sita kwa siku, hizo ni ml 18 za damu ya mgonjwa zinazoishia ndooni. Seti zenye chumba cha kurudishia damu hiyo zinalipa gharama yake, hasa kwa mgonjwa mwembamba au mtoto.

Jambo moja la mwambao, kwenye Waislamu wengi, lisemwe pia. Heparini ya kawaida inayotumika leo kwa sehemu kubwa hutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa au ndugu zake wakiuliza, wajibiwe ukweli bila kuzungushwa. Kwa kuflashia, ambako salini inatosha, hakuna haja ya kuwafikisha kwenye swali hilo.

Glukosi: kwa nini hapana

Hili ndilo linaloua, na linatokea kwa kosa la kuchukua chupa, kwani chupa za ml 500 hufanana. Glukosi ya 5% ina sukari ya takriban mmol 278 kwa lita. Tone moja la maji ni kama ml 0.05. Sasa chukua bomba la ml 1 la damu ya mgonjwa ambaye sukari yake halisi ni 3, na tone moja la maji ya laini limejichanganya humo. Asilimia tano ya 278 ni karibu 13.9, damu iliyobaki inachangia 2.85. Mashine inaandika 16.8. Muuguzi anafuata chati ya insulini kama alivyofundishwa, anaongeza dozi. Saa moja baadaye anachukua damu kwa njia ileile, inasoma juu tena, anaongeza tena. Mgonjwa amelazwa kwa dawa za usingizi, hata akitoka jasho hutaelewa, wala hawezi kusema anajisikia vibaya. Ubongo unakosa sukari huku karatasi ikisema ipo tele.

Uingereza ilipata vifo vya namna hii. Wakala wake wa usalama wa wagonjwa ulitoa onyo mwaka 2008, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa usingizi wa Uingereza na Ireland kikaweka mwongozo: kwenye laini ya ateri, salini ya 0.9% peke yake, yenye heparini au isiyo nayo. Kumwaga damu ya kutosha hakukutosha kuwa kinga; tone moja linabaki kwenye pembe ya koki hata kwa mtu makini.

Mfuko wa presha ndio unaoficha kosa hili. Ukishafungwa, lebo ya chupa haionekani, na zamu tatu zinaweza kupita bila mtu kujua kilichomo. Tumia mifuko ya presha ya wavu au plastiki angavu. Lebo itazame nje. Kila makabidhiano ya zamu, anayepokea aguse chupa na asome kwa sauti: "Salini, pointi tisa." Sukari ikiruka ghafla bila sababu, usiguse insulini kabla ya kusoma lebo ya chupa na kuchukua damu nyingine kwenye vena ya mkono usio na dripu. Kwa mgonjwa aliye kwenye shoki (damu haifiki vizuri mwilini), damu ya kidole nayo hudanganya, kwa hiyo isiwe ndiyo mwamuzi.

Ringa na sitreti, kwa kifupi

Ringa laktati ina laktati karibu mmol 28 kwa lita, pamoja na potasiamu na kalsiamu. ICU tunafuatilia laktati, ambayo hupanda mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, kujua kama mgonjwa anaokoka. Kuichafua kwa maji ya kuflashia ni kujifunga macho. Dharura, salini ikiwa imeisha kabisa, itakufikisha asubuhi, lakini andika kwenye chati ili anayesoma majibu ajue.

Sitreti huzuia kuganda kwa kushika kalsiamu, na imejaribiwa mahali fulani kwa wasioweza kupata heparini. Kwa laini ya ateri sioni sababu ya kuifuata wakati salini ipo: inashusha kalsiamu kwenye kipimo, na iliyopo hospitalini mara nyingi ni ile kali ya kufungia katheta za kusafishia figo. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufariki kwa sitreti ya 46.7% iliyoingia mwilini. Chupa hiyo isihifadhiwe karibu na vifaa vya laini ya ateri.

Mtoto mchanga ni hesabu nyingine

Hapa heparini inashinda. Katheta ya ateri ya kitovu ni nyembamba, maji yanakwenda polepole, na hata uniti 0.25 kwa ml imeonekana kupunguza kuziba. Vitengo vingi hutumia kati ya 0.25 na 1 kwa ml, kwa pampu ya sindano ya ml 0.5 hadi 1 kwa saa. Mfuko wa presha usitumike: kuvuta kiflashio kwa sekunde chache kunaweza kumwingizia mtoto wa kilo moja maji mengi, na kurudisha nyuma hewa au bonge kuelekea kichwani.

Tatizo la salini kwa hawa ni chumvi. Salini ya 0.9% ina sodiamu mmol 154 kwa lita. Ml 1 kwa saa ni ml 24 kwa siku, sawa na mmol 3.7. Kwa mtoto wa kilo moja katika siku za mwanzo, ambazo hahitaji karibu sodiamu yoyote, hiyo ni mzigo mzima wa chumvi kutoka kwenye maji ambayo hakuna aliyeyahesabu. Tumia 0.45% kwa ml 0.5 kwa saa, na mzigo unashuka chini ya mmol 1.

Kama 0.45% haipo, changanya kwenye bomba la ml 50: salini ya 0.9% ml 25 na maji safi ya sindano ml 25. Kwa heparini, chukua ml 1 ya ule mchanganyiko wa uniti 500 kwa ml, ongeza salini hadi ml 10 upate uniti 50 kwa ml, kisha ingiza ml 0.5 kwenye bomba. Umepata uniti 25, yaani nusu uniti kwa ml. Maji ya sindano peke yake yasipitishwe kwenye ateri hata siku moja. Yanapasua chembe nyekundu. Mchanganyiko huu ufanywe na mfamasia pale alipo, si pembeni ya kitanda mtoto akilia.

Chupa ngumu, hewa, na mfuko wa kubuni

Dripu nyingi za kwetu huja kwenye chupa za plastiki nusu ngumu, na juu ya maji mna hewa. Ukiibana chupa hiyo kwa mmHg 300, maji yakiisha hewa ndiyo inayofuata kuelekea kwenye ateri. Kabla ya kubana, pindua chupa mdomo juu, ingiza seti, fungua njia na ukamue hewa yote itoke hadi maji yatokeze kwenye mpira. Usitoboe tundu la hewa kwenye chupa. Itavuja presha na kuingiza vijidudu. Chupa nusu ngumu pia haikunjiki vizuri, hivyo presha inayosomeka kwenye geji si yote inayofika kwenye maji. Mfuko laini ukipatikana, wape wagonjwa wa laini ya ateri kwanza.

Mahali ambapo mfuko wa presha hakuna, watu huzungushia chupa kitambaa cha mashine ya presha. Kinafanya kazi, lakini kinavuja. Kijazwe upya kila saa na kiandikwe kwenye chati. Pampu ya sindano ya ml 2 hadi 3 kwa saa ni mbadala imara zaidi, ingawa utapoteza uwezo wa kuflashi kwa kuvuta na kutazama wimbi.

Wimbi likibonyea

Usibadilishe maji kwanza. Soma geji ya mfuko. Fuata mpira kwa vidole kutoka chupa hadi kifundo ukitafuta povu, mkunjo na koki iliyogeuzwa. Nyoosha kifundo cha mgonjwa. Laini nyingi "zilizoziba" zimekunjwa na mkono. Hakikisha transdyusa iko usawa wa moyo, kwani tofauti ya sentimita 10 ni mmHg 7.5 za uongo.

Kisha vuta kiflashio na uachie ghafla. Wimbi la mraba likishuka na kucheza mara moja au mbili ndipo litulie, njia ni safi. Likishuka kama mteremko bila kucheza, kuna bonge, hewa au mkunjo. Hapo vuta damu kwa bomba, taratibu. Damu ikija, vuta hadi bonge litoke, mwaga, kisha flashi kwa vipindi vifupi vya sekunde mbili. Damu isipokuja, usisukume. Maji machache yanayosukumwa kwa nguvu kwenye mkono yanaweza kurudi hadi mishipa inayokwenda kwenye ubongo, na bonge likaenda nayo. Katheta hiyo itolewe.

Ni mtu mzima gani apewe heparini

Yule ambaye laini yake imeziba mara mbili kwa salini huku presha ya mfuko kwenye geji na mikunjo ya mpira vikiwa vimeshakaguliwa. Yule mwenye katheta ndogo ya geji 22, anayetarajiwa kukaa nayo zaidi ya siku nne na hana mahali pengine pa kuchomwa. Aliyepasuliwa mshipa, pale daktari wake anapoiomba kwa sababu maalumu. Asipewe mwenye chembe sahani zinazoshuka, mwenye damu kichwani, wala aliyewahi kupata madhara ya heparini.

Vyovyote utakavyochagua, seti nzima, yaani maji, mpira na transdyusa, hubadilishwa kila saa 96, na maji yenye heparini iliyochanganywa wodini tunayabadilisha kila saa 24. Ukihamisha kitengo kutoka heparini kwenda salini, anza kuandika wiki mbili kabla: laini ngapi ziliwekwa, zilikaa siku ngapi, ngapi zilitolewa kwa kuziba, na geji ilisoma ngapi saa ya kuziba. Endelea hivyo hivyo wiki nne baada ya kubadilisha. Safu ile ya geji ndiyo ya kusoma kwanza.